Barua ya Wazi kwa Jiji na Chuo Kikuu Wanaogombania Njia ya Tramu

Kwa: Waheshimiwa Meya na Madiwani, na Makamu Mkuu wa Chuo pamoja na Baraza la Chuo

YAH: TRAMU KUPITA AU KUTOPITA KAMPASI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwenye karatasi moja, kwa kuwa mmezoea kuandikiana kupitia mawakili. Sitaji jina la jiji lenu wala la chuo chenu. Ugomvi huu nimeufuatilia katika miji kadhaa na mwenendo wake ni uleule. Wapangaji wa jiji wanachora mstari wa tramu, yaani treni nyepesi ya mjini, unaokatiza kampasi, maana ndiko waliko abiria. Chuo kinasema mstari huo utaua maabara. Jiji linasema chuo kinaringa. Magazeti yanauza. Miaka inakatika, na abiria wanaendelea kubanana kwenye basi lilelile.

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kutunza darubini za elektroni, na kazini naenda kwa basi, hivyo hata nikitaka kuegemea upande mmoja nitakuwa najiumiza mwenyewe upande wa pili. Ninachowaomba ni kimoja. Kabla njia haijachorwa, kaeni muandike kwa namba kila chumba nyeti kinavumilia mtetemo kiasi gani na sumaku kiasi gani, nani atapima, na nani atalipa mipaka ikivukwa. Kisha tieni saini. Mengi mnayogombania sasa yatakuwa mepesi baada ya hapo, au itaonekana wazi kwamba tangu mwanzo hayakuhusu maabara.

Ugomvi wenyewe si mgeni. Chuo Kikuu cha Oxford kilipinga reli tangu miswada ya kwanza ilipopelekwa bungeni miaka ya 1830. Treni ilifika mjini mwaka 1844, na sheria iliyoiruhusu ilikipa chuo mamlaka ya kuizuia kampuni ya reli isimbebe mwanafunzi hata kama nauli anayo mkononi. Cambridge reli ilifika mwaka 1845, kituo kikajengwa mbali na vyuo, na mpaka leo anayeshuka pale ana mwendo wa kutosha kabla hajaufikia mji wa kale. Wakubwa wa wakati ule walihofia vijana kutoroka kwenda kustarehe mbali na macho ya walezi wao. Diwani anayeisoma historia hiyo ana haki ya kuuliza kama hoja za leo nazo ni za namna hiyohiyo. Jibu langu ni kwamba nyingine ndiyo, nyingine hapana, na mwenye kazi ya kuzitenganisha hajapewa nafasi mezani.

Ngoja nieleze zile za kweli.

Darubini nzuri ya elektroni inaweza kuonyesha safu za atomi, yaani vitu vilivyopishana kwa sehemu ndogo ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukiwa umekaa mbele ya kioo chake, picha imetulia, lori zito likapita barabara ya nyuma, utaona zile safu zilizonyooka zinajikunja ukingoni kama maandishi ya mtu aliyegutushwa akiandika. Hukusikia kitu. Sakafu hukuihisi. Mashine imesikia. Tunasimama, tunasubiri lipite, tunapiga picha upya. Lori moja linavumilika. Tramu inayopita kila baada ya dakika chache kutoka alfajiri hadi usiku wa manane haikuachii nafasi ya kusubiri, na mtetemo wa magurudumu ya chuma juu ya reli unasafiri ardhini kwa masafa ya chini, ambayo udongo na majengo huyapitisha vizuri mno.

Hilo la mtetemo lina dawa inayojulikana. Reli zinawekwa juu ya bamba zito la zege linalokalia mipira au springi, bamba hilo linameza sehemu kubwa ya mtetemo kabla haujafika kwenye udongo. Ni ghali, lakini inajengwa kila mahali duniani, na haihitajiki njia nzima. Mita mia chache mbele ya majengo yenye shida zinatosha mara nyingi. Magurudumu yakichongwa kwa wakati na reli zikisuguliwa, nusu ya vita imekwisha.

Sumaku ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo wanasiasa huicheka kwa kuwa haionekani. Tramu nyingi hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, wa volti 600 au 750. Treni inapoondoka kituoni inaweza kuvuta ampea elfu moja na zaidi. Umeme huo unakuja kwa waya wa juu na kurudi kwa reli za chini, na kati ya waya na reli kuna mita tano au sita. Ukiwa na nyaya mbili zilizobebana, moja inakwenda na nyingine inarudi, sumaku zao zinafutana. Ukizitenganisha mita tano, unapata kitanzi kikubwa kinachotupa sumaku mbali. Kila dereva anapokanyaga kuondoka au kufunga breki, sumaku hiyo inapanda na kushuka polepole. Upolepole huo ndio tatizo: sumaku inayobadilika mara 50 kwa sekunde, ile ya umeme wa kawaida wa majengo, tuna njia rahisi za kuichuja, lakini ile inayojivuta kwa sekunde kadhaa inapenya kuta na ngao kama hazipo. Sumaku ya dunia yenyewe, kwa kipimo cha nguvu ya sumaku kiitwacho mikrotesla, ni kati ya 25 na 65. Baadhi ya mashine zetu huharibikiwa kazi kwa badiliko lisilofika hata mikrotesla moja. Ongeza umeme unaovuja kutoka kwenye reli na kujipitia ardhini, ukifuata mabomba ya maji hadi chini ya jengo, ndipo utaelewa kwa nini profesa wa kemia mwenye sumaku yake kubwa ya kusomea molekuli anakosa usingizi.

Hata hili lina dawa. Unaweza kupitisha nyaya nene za umeme chini ya ardhi kandokando ya reli na kuziunganisha na waya wa juu kila baada ya hatua fupi, kile kitanzi kikapungua. Unaweza kusogeza vituo vya kupozea umeme ili mzigo ugawanyike pande mbili. Unaweza kufanya kama Nice, Ufaransa, ambako tangu mwaka 2007 tramu zinavuka uwanja mkuu wa mji kwa betri, bila waya juu. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya uzuri wa mahali, ila fizikia haijali nia. Na unaweza, hili hulisikii likisemwa, kuhamisha mashine. Kujenga chumba kipya kizuri upande wa pili wa kampasi kunaweza kugharimu kidogo sana ukilinganisha na handaki.

Sasa niseme na jiji kwanza.

Msiseme ni visingizio. Minneapolis, Marekani, walikuwa na mpango wa kupitisha reli nyepesi, ambayo ni jamaa ya tramu, katikati ya Chuo Kikuu cha Minnesota, kwenye barabara ya Washington. Chuo kilitaka handaki. Mwaka 2008 handaki likafutwa kwa sababu ya gharama, treni ikapangwa kupita juu, mbele ya maabara. Chuo kikapendekeza njia ya kuzungukia kaskazini, haikukubaliwa. Mwaka 2009 kikaenda mahakamani. Mwaka 2010 wakapatana, na kilichomo kwenye mapatano yale ndicho ninachokiomba hapa: viwango vya mtetemo na vya sumaku ambavyo treni haziruhusiwi kuvivuka, na wajibu wa mwenye treni kuhakikisha hivyo. Treni zilianza Juni 2014. Sehemu ile ya barabara ya Washington haina tena magari binafsi. Ni treni, mabasi, baiskeli na watu. Nenda leo ukawaambie wanafunzi wa pale kwamba njia ile nusura isijengwe.

Angalieni mpangilio wa miaka. Handaki linafutwa, ndipo chuo kinashtuka, ndipo mawakili, ndipo namba. Namba zingekuja kwanza, handaki lingejulikana mapema kama ni la lazima au ni la anasa, na fedha za mawakili zingenunua mipira ya kuwekea reli. Kosa la jiji, kila mara, ni kumwita chuo kama "mdau" kwenye mkutano wa kutambulisha michoro. Michoro yenye miti mingi kuliko iliyopo, watu wote wanatabasamu. Mhandisi mshauri anaulizwa kuhusu mitetemo, anajibu kwamba hilo litashughulikiwa kwenye usanifu wa kina. Hilo jibu ndilo linalozaa kesi. Chuo hakiwezi kwenda kwa watafiti wake na wafadhili wao kikiwa na ahadi ya usanifu wa kina.

Wakuu wa chuo, sasa ni zamu yenu, na kwenu nina maneno zaidi.

Mwaka 2011 wapiga kura wa Durham, North Carolina, walikubali kujitoza kodi ya mauzo ili kugharamia usafiri wa umma. Mpango mkubwa ulikuwa reli nyepesi ya kilomita 28 hivi kuunganisha Chapel Hill na Durham, kwa gharama iliyofikia karibu dola bilioni 2.5. Ilikuwa ianzie kwenye hospitali ya chuo kikuu kimoja, ipite Chuo Kikuu cha Duke na hospitali yake kwenye barabara ya Erwin, iishie Chuo Kikuu cha North Carolina Central, chuo chenye historia ya kuwasomesha Wamarekani weusi. Wasiwasi wa Duke kuhusu sumaku na mitetemo ulikuwa umetajwa miaka kadhaa nyuma. Watu wakaendelea kupanga. Tarehe 27 Februari 2019 uongozi wa Duke ukaandika barua kwamba hautasaini mkataba wa ushirikiano: sumaku, mitetemo, hatari ya kukatika umeme na huduma nyingine za hospitali wakati wa ujenzi, na nani atabeba dhamana ya kisheria. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Machi, bodi ya wakala wa usafiri, GoTriangle, ikapiga kura kuachana na mradi. Zaidi ya dola milioni 100 zilikuwa zimeshatumika, na hakuna hata mita moja ya reli iliyolazwa.

Duke hawakuwa tatizo pekee. Makubaliano na kampuni za reli zilizokuwa na haki kwenye njia hiyo nayo hayakuwa yamekamilika, na serikali ya jimbo ilikuwa imeweka tarehe za mwisho zilizobana. Hoja za hospitali ni nzito; sitaki kuwa mtu wa kucheka umeme wa chumba cha upasuaji. Lakini mtu mzima akikaa kwenye meza ya mazungumzo miaka na miaka, akajua mashine zake ziko wapi na zinavumilia nini, halafu neno "hatusaini" akalitoa wiki chache kabla ya dirisha kufungwa, huyo hakulinda utafiti tu. Amewafungia njia wauguzi na wasafishaji wa hospitali yake mwenyewe, na wanafunzi wa chuo kilichokuwa mwisho wa reli, ambao hawakuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Maryland kinanisumbua kwa namna nyingine. Njia ya reli nyepesi iitwayo Purple Line ilipangwa kupita katikati ya kampasi ya College Park, kwenye barabara ya Campus Drive. Rais wa chuo, C. D. Mote, aliipinga, miongoni mwa hoja zilikuwa usalama wa watembea kwa miguu na mashine za utafiti, na chuo kikapendekeza njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2010 akaingia rais mpya, Wallace Loh, na chuo kikaikubali Campus Drive. Udongo ulikuwa uleule. Maabara zilikuwa zilezile. Aliyebadilika ni mtu mmoja ofisini. Ujenzi ulianza mwaka 2017 na umekumbwa na balaa zake nyingi za wakandarasi, lakini hizo hazitokani na chuo.

Nikiwa fundi, kisa hicho kinanivunja moyo kuliko cha Duke. Kama mashine zangu zinahatarika, zinahatarika chini ya rais yeyote. Kama hazihatariki, basi jina letu lilitumika kubeba hoja za watu wengine: mwonekano wa bustani, jengo ambalo mfadhili hataki lipitiwe na waya, au maegesho. Naam, maegesho. Vyuo vingi hutoza ada ya kuegesha, na tramu ikifika ada hiyo inapungua. Sijawahi kuona hoja hiyo ikiandikwa kwenye barua rasmi ya pingamizi. Hizo nazo ni hoja, mtu ana haki ya kuzitetea. Aziseme kwa majina yake. Kila mara mnapojificha nyuma ya maabara kwa jambo lisilo la maabara, mnafanya siku ya kweli tusiaminiwe.

Seattle ndiko ambako kazi ilifanywa karibu na ninavyotamani, ingawa si bila machungu. Chuo Kikuu cha Washington kina maabara za fizikia zisizotaka mchezo, na reli ilikuwa ipite handakini chini ya kampasi. Chuo na wakala wa reli wakaandikiana mipaka ya mtetemo na ya sumaku, wakakubaliana reli zikalie zege linaloelea katika sehemu nyeti. Treni ikafika mwaka 2016, kituo kikiwa kwenye uwanja wa michezo, pembezoni kabisa. Kituo cha mtaa wa wanafunzi kilifunguliwa mwaka 2021. Kuna waliolalamika, na mimi naona walikuwa na haki, kwamba miaka mitano abiria walishushwa pembeni kwenye barabara pana za magari, huku madarasa yakiwa upande wa pili. Ila chuo hichohicho kilikuwa kimeanza tangu mwaka 1991 kuwapa wanafunzi na wafanyakazi pasi ya pamoja ya usafiri, kwa hiyo treni ilipofika ilikuta watu wamezoea kuacha gari nyumbani. Chuo kilikuja mezani kama mwenye abiria, na mwenye abiria husikilizwa.

Hilo la pembezoni linastahili neno, maana ndilo suluhu mnalolikimbilia mkichoka: "basi ipite ukingoni." Ramani inapendeza, kila mmoja anadai ameshinda. Lakini watu wengi hawatembei zaidi ya dakika tano mpaka kumi kufuata kituo, na mvua ikinyesha hata hizo ni nyingi. Mwanafunzi mwenye miguu mizima atafika. Mgonjwa anayekuja kliniki, mhudumu anayetoka zamu saa sita usiku, mama mwenye mtoto anayewahi chekechea ya chuo, hao mtawapoteza, na ndio hasa wasio na gari. Ukingoni pakichaguliwa kwa vipimo, sawa. Pakichaguliwa kwa uchovu, mmejenga reli ya mabilioni inayowapita abiria wake kwa mbali.

Kwa hiyo narudi kwenye ombi langu, kwa undani kidogo.

Pimeni kabla. Wiki mbili za vifaa vya kurekodi, mchana na usiku, ndani ya vyumba vinavyodaiwa kuwa nyeti. Mtashangaa. Baadhi ya vyumba vitakutwa tayari vimechafuliwa na lifti, mashine za viyoyozi na mabasi yaliyopo, na hapo chuo kitalazimika kukiri kwamba chumba hicho hakina cha kupoteza. Vingine vitakutwa vimetulia kiasi kwamba hata mhandisi wa jiji atanyamaza. Chapisheni vipimo hivyo. Mipaka iandikwe kwa chumba, kwa mashine. Neno "kampasi" halina mtetemo. Palipo na mgogoro wa kweli, linganisheni hadharani bei tatu: ya kutuliza reli, ya kuhamisha mashine, na ya kuhamisha njia. Mkataba utaje nani anazima treni au kupunguza mwendo wake mipaka ikivukwa, na ndani ya saa ngapi. Usainiwe na Baraza la Chuo na Baraza la Madiwani, ili rais mpya wa chuo au meya mpya asiamke asubuhi na fizikia yake. Na uwekwe saini kabla jiji halijaomba fedha kubwa, maana baada ya hapo kila siku ya kuchelewa inampa mmoja wenu rungu.

Wanafunzi hawatawasaidia kusukuma hili. Wengi wanakaa miaka mitatu au minne na kuondoka. Reli mnayobishania wataipanda wadogo zao. Wafanyakazi wa zamu hawana muda wa mikutano ya saa nane mchana. Msisubiri maandamano ndipo mjue kuna watu wanahitaji njia hiyo.

Mkiamua kuanza, anzeni na chumba kilicho karibu zaidi na mstari uliochorwa. Mkifika, msimwite mkuu wa idara. Muulizeni fundi wa chumba hicho. Yeye ndiye anayejua ni saa ngapi lifti huanza kumharibia picha, na mashine ipi inaweza kuhamishwa bila mtu kulia.

Wenu,
Fundi wa maabara, abiria wa basi